Fahirisi imebadilika, au imebadilishwa?

SWALI: Nilisoma habari ya biashara iliyoandikwa hivi: "Faharasa ya Viwanda ya Dow Jones imebadilika sana kutokana na teknolojia mpya." Mimi nilielewa kwamba alama zake zimepanda. Mwenzangu akasema hapana, maana yake ni kwamba kampuni zilizomo si zile za zamani. Nani kati yetu yuko sahihi? Halafu, tuseme faharasa, fahirisi au kielezo? Na hivyo viwanda ni vipi, ilhali nasikia ndani yake mna kampuni za programu?

JIBU: Nyote wawili mko sahihi, na hapo ndipo mwandishi alipokosea. Kwa asiyeijua, Dow Jones ni hesabu ya bei za hisa za kampuni kubwa kadhaa za Marekani: bei zikipanda, alama zake hupanda.

Nianze na nomino, maana ndiyo nyepesi. Fahirisi na faharasa ni ndugu wa tumbo moja. Asili yao ni fihris ya Kiarabu, ambayo nayo Waarabu waliichukua kwa Waajemi. Kwetu wameshagawana kazi. Faharasa imebaki mwishoni mwa kitabu, ile orodha ya maneno na namba za kurasa. Fahirisi imekwenda kwa watu wa takwimu, ndiyo maana tunasikia "fahirisi ya bei" kila mfumuko wa bei unapotangazwa. Soko la hisa ni jirani wa takwimu, si wa maktaba, basi andika fahirisi. Kielezo waachie walimu na michoro yao. Kiashiria si kosa, ila ni pana mno: riba ni kiashiria, ajira ni kiashiria, hata bei ya mafuta. Jambo la kuchekesha ni kwamba Waarabu wenyewe hawaitumii fihris sokoni. Fahirisi ya hisa wao huiita mu'ashshir. Tumekopa neno tukaenda nalo mahali ambapo mwenyewe hakufika. Si vibaya. Ngeli yake ni ya I-ZI, fahirisi hii, fahirisi hizi. "Mafahirisi" sina haja nayo.

Sasa kitenzi, maana ugomvi wenu uko hapo.

Badilika iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo humficha mtenda. Kikombe kimevunjika. Nani kakivunja? Sentensi haisemi, na hata ukitaka kumtaja haikupi nafasi. Hakuna "kimevunjika na Juma". Kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe anaijua faida ya kauli hii. Ukitaka Juma aonekane, sharti uende kwenye kutendwa: kimevunjwa na Juma.

Fahirisi ya Dow Jones, kwa upande wa kampuni zilizomo, haibadiliki. Hubadilishwa. Ipo kamati ya watu wanaokaa, wakachagua nani aingie na nani atoke. Mwandishi wa habari Charles Dow alipoianzisha tarehe 26 Mei 1896 aliweka kampuni 12, zikiwamo za sukari, tumbaku, mafuta ya pamba, ngozi, mpira, gesi, makaa ya mawe na chuma, na umeme wa General Electric. Leo ni 30, idadi iliyowekwa mwaka 1928, na katika zile 12 za mwanzo haijabaki hata moja. General Electric ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Iliondolewa Juni 2018. Iliondolewa, nasema. Magazeti mengi yangeandika "imetoka", kana kwamba iliaga ikachukua kofia yake.

Anayedhani hili ni suala la sarufi tu na atazame kisa cha IBM. Iliondolewa mwaka 1939, ikarudishwa mwaka 1979. Katika miaka hiyo 40 kompyuta ilizaliwa, ikaingia benki, ikaingia serikalini, na IBM ikawa ndiyo jina lake kubwa, lakini ndani ya fahirisi haikuwamo. Teknolojia ilikwishaubadili uchumi, kamati haijaibadili orodha. Ukiandika kwamba fahirisi "imebadilika kutokana na teknolojia" umeifuta miaka hiyo yote kwa silabi moja. Intel na Microsoft nazo ziliingizwa Novemba 1999, miezi michache tu kabla hisa za teknolojia hazijaporomoka. Novemba 2024 Intel, mtengenezaji wa chipu za kompyuta, ikatolewa, kiti chake akapewa Nvidia, mtengenezaji mwenzake.

Hata hivyo sitaki uiogope badilika. Zipo fahirisi ambazo inazifaa kabisa. S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, hupima kila kampuni kwa thamani ya jumla ya hisa zake zinazouzwa sokoni, si kwa bei ya hisa moja. Wanachama huchaguliwa na kamati, kwa hiyo orodha hubadilishwa. Lakini uzito wa kila mmoja, yaani sehemu yake katika hesabu, hupanda na kushuka wenyewe, soko linavyoamua kila siku. Kampuni ya simu na kompyuta inaweza kukua mpaka ikawa na uzito kupita makumi ya kampuni nyingine kwa pamoja, na kamati haijainua hata kalamu. Hapo sema uzito umebadilika, nami nitakuunga mkono. Nasdaq Composite, fahirisi ya soko la hisa la Nasdaq la Marekani, iliyoanza Februari 1971 kwa alama 100, huchukua karibu hisa zote za kawaida zilizoorodheshwa katika soko hilo. Kampuni ikiorodheshwa imeingia, ikiondoka imetoka. Nayo hubadilika, bila chumvi.

Kuhusu viwanda. Neno hilo liliwekwa ili kuzitenga kampuni hizo na reli, kwa maana reli zilikuwa na fahirisi yao wenyewe, iliyoitwa wastani. Dow alianza kuhesabu mwaka 1884 kwa hisa 11, na 9 kati yake zilikuwa za reli. Huo ndio uliokuwa uchumi mpya wa siku zile. Wastani wa reli ulibadilishwa jina mwaka 1970 ukawa wa uchukuzi, ndege na malori yakapata nafasi. Wa viwanda haukuguswa. Kwa hiyo "Viwanda" hapo ni sehemu ya jina, iandike kwa herufi kubwa na usimtafutie msomaji bomba la moshi.

Na kwa Kiingereza jina lenyewe, Dow Jones Industrial Average, halisemi fahirisi, linasema wastani. Nalo limechakaa. Mwanzoni ulikuwa wastani kweli: jumlisha bei 12, gawanya kwa 12, na siku ya kwanza jibu likawa 40.94. Baadaye kampuni zikawa zinagawa hisa zao, hisa moja ikawa mbili au nne na bei ikapungua kwa kiasi hicho hicho, basi kigawanyo nacho kikawa kinapunguzwa ili hesabu isivurugike. Sasa kiko chini ya 1. Mwaka 2024 "wastani" huo ulivuka alama 40,000 wakati kati ya hisa 30 hakuna hata moja iliyofika dola 1,000. Mwanafunzi akileta wastani unaozidi namba zote alizojumlisha, mwalimu atamrudisha ubaoni. Ndiyo maana napendelea fahirisi hata pale jina lenyewe linaposema vingine.

Onyo dogo kuhusu "kampuni ya teknolojia", maana litakusumbua. Katika makundi yanayotumiwa na S&P, Amazon haimo kwenye teknolojia; imewekwa pamoja na wauzaji wa bidhaa ambazo mtu anaweza kuahirisha kuzinunua. Kampuni mama ya Google na ile ya Facebook zilihamishwa mwaka 2018 kutoka teknolojia kwenda mawasiliano. Ukilinganisha asilimia ya "teknolojia" ya mwaka 2017 na ya 2019 unalinganisha mitungi miwili yenye kibandiko kimoja.

Sentensi ile ningeiandika upya hivi: "Kampuni zinazounda fahirisi ya Dow Jones zimebadilishwa mara nyingi, na katika miaka ya karibuni nafasi kadhaa za kampuni kongwe zimepewa za teknolojia." Kama alikusudia ulivyoelewa wewe, asingehitaji badilika wala badilishwa. Angesema imepanda.