Jibu: Mbona hija ya miguu na jumuiya haichoshi?
Dada, umeuliza mbona mlipotembea hija toka Dar hadi misheni ya Bagamoyo jua hamkulisikia, ilhali peke yako ukienda sokoni tu unahema. Si mazoezi hayo. Kule India, kwenye Magh Mela, hija ya Wahindu, mahujaji hukaa mwezi mzima kando ya mto Ganges, baridi kali na vipaza sauti kutwa. Watafiti waliwapa sauti moja isiyoeleweka: ilipotajwa kuwa ya Mela, waliisikiliza muda mrefu kuliko ilipotajwa kuwa ya mjini. Kelele za wenzako si kero; na jua lenu la hija ni vivyo hivyo. Ila malengelenge hayajui jumuiya! Kiatu kikibana, vua. Na maji mnyweshane kabla ya kufika Kerege, pale njiani kwenda Bagamoyo. Aliyenogewa na wimbo hasikii kiu mpaka adondoke.