Kutolewa shindano la Chopin si mwisho wa safari

Ndugu, umeuliza kama kijana anayetolewa kabla ya fainali za shindano la piano la Chopin, yule mtunzi wa muziki wa Poland, kule Warsaw ndiyo basi tena. Hapana, wala si karibu na hapo. Mwangalie Ivo Pogorelich mwaka 1980. Alichujwa raundi ya tatu, na Martha Argerich, aliyekuwa jaji na mwenyewe bingwa wa 1965, akang'atuka kwenye jopo akisema kijana yule ni kipaji cha ajabu. Pogorelich akaondoka bila ushindi, lakini muda si mrefu alikuwa akirekodi na kampuni ya muziki ya Deutsche Grammophon na kujaza kumbi kubwa za dunia.

Ila mimi naumia watu wanapoisimulia habari hiyo na kumsahau aliyeshinda mwaka huo! Ni Dang Thai Son wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kulitwaa taji hilo. Utoto wake ulipita vitani. Mama yake, mwalimu wa piano, alimfundisha hata walipohamishwa kutoka Hanoi kwa sababu ya mabomu. Baadaye akasoma Moscow. Na mwaka 2021 bingwa alikuwa Bruce Liu wa Kanada, mwanafunzi wake mwenyewe.

Shindano kwa kawaida ni la kila miaka mitano tangu 1927 (vita vilikatiza), na washiriki hupiga kazi za Chopin tu, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo anayetolewa huenda anang'ara zaidi kwa kazi za watunzi wengine kama Bach au Prokofiev, na pale hakupata nafasi ya kuzipiga.