Halloween ya Kijapani: gawa pipi kwanza, ndipo usimulie

Huku Japani msimu wa mizimu ni kiangazi. Wakati wa Obon, mwezi wa Agosti sehemu nyingi, familia hukaribisha roho za wazee wao nyumbani, na hadithi za kutisha husimuliwa ili mwili usisimke na joto lisahaulike. Halloween imekuja baadaye sana, na mavazi yake na vurugu za mitaani. Shibuya, Tokyo, viongozi wa mtaa wamefikia hatua ya kuwaomba watu wasiende. Achana na mtaa basi. Kusanya watu sebuleni.

Utaratibu wa kusimulia upo tangu enzi za Edo, za mashoguni wa Japani wa karne ya 17 hadi ya 19. Watu waliketi usiku na taa yenye tambi mia, imezungushiwa karatasi ya buluu, na kila hadithi ilipoisha utambi mmoja ulizimwa. Giza likitanda baada ya hadithi ya mia, kitu hutokea. Ndiyo maana wengine waliishia ya tisini na tisa! Mimi natumia mishumaa kumi ya betri, kwa sababu chumba kina mikeka ya tatami na mwenye nyumba hana mzaha. Wa mwisho hatuuzimi.

Chagua hadithi zinazomshirikisha msikilizaji. Okiku alikuwa kijakazi aliyesingiziwa kupoteza sahani moja kati ya kumi za thamani, akauawa na kutupwa kisimani. Kisima kinachosemwa ni chake kipo hadi leo kwenye ngome ya Himeji. Usiku husikika akihesabu sahani: moja, mbili, tatu... Wewe hesabu taratibu, ukizidi kushusha sauti, na ukifika tisa nyamaza. Usiukimbilie ukimya huo kuuvunja. Katika baadhi ya masimulizi hutokea mtu akapaza sauti, "Kumi!", na mzimu ukatulia, kwa hiyo mpange mapema mtoto mmoja aketi nyuma ya wenzake kwa kazi hiyo.

Ninayoipenda zaidi ni ya Kuchisake-onna, mwanamke mwenye mdomo uliochanwa hadi masikioni. Mwaka 1979 uvumi wake uliwatia hofu wanafunzi nchi nzima. Anakusimamisha njiani, amevaa barakoa: "Je, mimi mrembo?" Ukisema ndiyo, anaivua. "Hata hivi?" Hapo jibu lolote ni balaa. Watoto wakabuni ujanja wao: mjibu "wa kawaida tu", au mtupie bekko ame, pipi ngumu za sukari iliyoyeyushwa, na anapoinama kuziokota wewe timua mbio.

Kwa hiyo kila mgeni awe na pipi mkononi kabla hujaanza. Changanya vijiko vinne vya sukari na kimoja cha maji, bandika moto mdogo bila kukoroga, na rangi ikifanana na asali dondoshea kwenye karatasi ya kuokea. Watoto wakae mbali, sukari hiyo inaunguza kuliko mafuta. Ukitaka cha kushibisha, viazi vitamu vya kuchoma vinatosha, na ndio msimu wake.

Kwa vazi, gauni jeupe linaloishia magotini, suruali nyeusi na nywele usoni: gizani miguu haionekani, na mzimu wa Kijapani hauna miguu.

Ila usipambe meza kwa vijiti vya kulia vilivyochomekwa wima kwenye wali. Ndivyo anavyowekewa marehemu, na kama kuna mgeni Mjapani aliyefiwa karibuni, hatacheka.