Fundi, gari linagonga na nimeambiwa injini imekufa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya mwaka 2004, otomatiki, naiendesha kila siku Kimara hadi Posta. Hii wiki ya tatu injini inagonga, ko-ko-ko, hasa nikisimama kwenye taa za Magomeni nimekanyaga breki. Fundi wa mtaani kwetu kasikiliza dakika mbili akasema imenoki, nitafute injini nyingine ya mtumba, nijiandae na zaidi ya milioni moja na nusu. Taa ya oili haijawahi kuwaka, joto liko kawaida. Nikiweka N mlio unafifia karibu kupotea, nikirudisha D unaanza tena. Gari halikuwa na shida yoyote, ila mwezi uliopita walishusha gia boksi kubadilisha sili iliyokuwa inavuja. Nifanyeje? Hiyo hela sina.
Msomaji, Kimara Suka

JIBU: Marahaba. Hiyo hela usianze kuikopa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyaandika kama ya kupitia tu: gia boksi ilishushwa.

Gari la otomatiki lina sahani nyembamba ya chuma nyuma ya injini, imefungwa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Sahani hiyo inashikana kwa boliti na toki konveta, lile pipa la oili linalopeleka nguvu kwenye gia boksi. Huwezi kushusha gia boksi bila kuzifungua zile boliti. Sasa fundi akiwa na haraka, na pale mahali penyewe mkono unaingia kwa shida, anazirudisha bila kuzikaza sawasawa. Zikianza kucheza kwenye matundu yake, mlio wake ni ko-ko-ko ileile ya beringi za koneki rodi zilizokwisha, zile zinazokaa kati ya krenki na mikono ya pistoni. Hizo ndizo fundi wako anazozidhania akisema imenoki.

Simlaumu sana fundi wako, maana hata mimi nimeshaingia choo cha kike. Mwaka 2011 aliniletea Carina mzee mmoja, inagonga vibaya. Nikashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaenda kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani kununua beringi, nikafunga, nikawasha. Ko-ko-ko. Mzee kakaa pale kwenye benchi ananiangalia, hasemi kitu. Kesho yake nikashusha gia boksi, sahani ilikuwa na ufa kuzunguka boliti za katikati, unaingiza ukucha. Hela ya ufundi nilimrudishia, na zile beringi nikazilipa mwenyewe.

Beringi iliyokwisha haibadiliki hivyo kwa N na D. Inafuata mizunguko ya injini: ukikanyaga mafuta inagonga haraka haraka, ukiachia ghafla ndiyo unaisikia vizuri, na injini ikipata moto oili ikawa nyepesi, mlio unakua.

Anza na stiki ya oili, gari likiwa tambarare na injini imepoa. Injini yako, kama ni ile ya 1NZ, inachukua kama lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Ikiwa chini ya alama, ongeza kwanza ndipo usikilize tena. Na mtu asikushawishi kumimina oili nzito ili "itulie". Wauza magari wanaijua sana dawa hiyo. Inanyamazisha mlio mpaka mnunuzi afike nyumbani.

Halafu fundi achomoe waya wa koili za kuwashia plagi, moja moja, injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Ziko nne, juu kabisa, kazi ya dakika tano. Beringi ya silinda fulani ikiwa imekwisha, ukiizima silinda hiyo mlio unapungua waziwazi. Ukizima zote kwa zamu na mlio uko palepale, tafuta kwingine. Achukue bisibisi ndefu, ncha aiweke kwenye chuma, mpini sikioni: kwanza kwenye sampo, kisha pale injini inapoungana na gia boksi. Gari liwe na hendibreki, na mbele yake asisimame mtu.

Mlio ukiwa mkubwa huko nyuma, afungue kile kifuniko kidogo cha chini, azungushe krenki kwa spana kwenye puli ya mbele, boliti zitamjia moja moja. Zikiwa zimelegea, weka mpya na zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Zikiwa zimekaza, bado kuna ufa wa katikati, na huo hauonekani mpaka gia boksi ishuke. Hata hapo unanunua sahani, hununui injini. Aziangalie na maunti pia, zile raba zinazoshikilia injini kwenye bodi; raba ikikatika injini nayo hugonga bodi ukiwa D.

Kama ni beringi kweli, paki gari siku hiyohiyo. Ukiendelea nalo, beringi inageuka ndani ya koneki rodi, inakula krenki, na kazi ya kubadilisha beringi tu inakuwa kazi ya kupeleka krenki ikachongwe na kutafuta beringi nene zaidi, za kuzidi milimita 0.25 au 0.50.

Halafu jambo moja hukulisema: mvua za juzi ulipita kwenye maji ya bonde la Jangwani? Injini ikinywa maji, koneki rodi inapinda, na huo mlio hauna tiba ya boliti.

SWALI: Fundi, kigari changu kwenye tambarare kimya, ila nikipanda kutoka Ubungo kuja Kimara kinalia kama kokoto kwenye kopo.
Msomaji, Mbezi

JIBU: Hiyo si beringi. Mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Rudi gia ya chini, punguza kukanyaga. Kisha tazama kama injini inachemka, kama plagi ni za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama waya wa noki sensa, kile kifaa kinachosikiliza mlipuko wa namna hiyo, haujachomoka kwenye bloku. Mafuta ya tangi lijalo jaza kituo kingine, uone.