Re: Maboga yanatoa maua mengi ila viboga vinanyauka na kudondoka

Habari mkuu. Umesema maua ni mengi, viboga vinafika ukubwa wa ndimu, vinageuka njano na kudondoka, na mbolea umeshaongeza. Hiyo mbolea simamisha kwanza. Samadi au urea ikizidi, maboga hukimbilia majani na kamba. Kwa wapenda majani ya maboga ni neema, kwa boga lenyewe hapana.

Kesho amka mapema ukague maua. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, ua dume limesimama kwenye kikonyo chembamba kitupu. Madume hutangulia, kwa hiyo yakidondoka usihangaike. Jike likikosa chavua, ule unga wa ua dume, ndiyo kiboga chake kinanyauka hivyo. Mimi nyumbani nyuki ni wachache, jirani anapuliza dawa kila mara, basi nachavusha kwa mkono: nachuma dume lililofunguka, natoa petali, napakaza chavua katikati ya jike. Ifanyike asubuhi, kabla ya saa tatu hivi; jua likipanda ua linajifunga na halifunguki tena.

Kabla ya hapo pasua viboga viwili vilivyodondoka. Ukikuta funza weupe, huyo ni nzi wa matunda, na kuchavusha hakutakusaidia. Okota vyote, vifunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani, na vile vichanga vilivyobaki uvivishe karatasi.

Weka picha ya ulivyovipasua tuone.