Riwaya 13 Kati ya 24

Juzi dada mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, Januari ulituahidi riwaya 24, mbili kila mwezi. Mwaka umekwisha, umefikia wapi? Nipe siri na mimi nianze."

Nilikaa na ile simu mkononi kama mtu aliyedaiwa mbele za watu. Nimemaliza 13, dada yangu. Na katika hizo 13, moja nimeihesabu kwa wizi. Nitaieleza.

Kwa wasionijua: mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku juu Tandahimba, ingawa familia yangu iko Mtwara mjini. Msimu ukifunguliwa Oktoba, kazi yangu ni kupima korosho, kuandika na kusubiri, na kusubiri ndiko kwingi. Lori likifika ghala kuu linaweza kulala foleni siku mbili. Wenzangu wanacheza bao, wanalala kwenye kivuli cha tela, wanagombana Simba na Yanga mpaka jua linazama. Nikasema mimi nitasoma.

Kilichonisumbua mwanzo ni macho ya watu, wala si muda. Huku kwetu mtu mzima akionekana na kitabu kinene, basi ni mwalimu, ni mlokole au anasomea mtihani. Ukisema ni riwaya, watu wanakuonea huruma. Shemeji yangu aliniuliza mbele ya wageni, sahani ya ubwabwa mkononi, "Yaani baba wa watoto watatu anasoma hadithi?" Walicheka wote, na mke wangu naye alicheka kidogo. Sijasahau. Msimu ulipoanza, uvumi ukapita pale ghalani kwamba mimi ni mtu wa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, nakaa pembeni na kitabu huku naandika majina ya wanaochezea mizani. Kwa wiki nzima nilikaribishwa chai na watu ambao hawakuwahi hata kunisalimia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma hadharani, usijifiche. Ukijificha wanakutungia ya kwao.

Ushauri wa pili ni kuhusu kuvipata vyenyewe. Katika maduka niliyozunguka Mtwara nilikuta vitabu vya kiada, madaftari, na zile riwaya chache zinazotahiniwa sekondari. Nyingine niliziagiza Dar es Salaam: unatuma hela kwa simu, kifurushi kinapanda basi, kinasafiri kilomita zaidi ya 500, na wewe unakwenda stendi kukipokea kama unapokea mgeni. Agizeni watu watatu au wanne pamoja, gharama ya kifurushi inagawanyika. Mimi niliagiza peke yangu kwa kiburi, ikaniuma mfukoni.

Januari na Februari nilikimbia. Nilianza na Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, nikamaliza tatu za upelelezi kabla mvua hazijakolea. Nakushauri uanze hivyohivyo. Kuna watu watakuambia hizo si fasihi. Waache, hao wengi wao mwaka mzima hawajamaliza hata moja. Machi sikumbuki nilisoma nini. Aprili mpaka Julai sina cha kusimulia: kupalilia, kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu, ada za watoto, kurasa mbili na usingizi.

Sasa ule wizi. Agosti nilichukua Nagona ya Kezilahabi. Nikaona kitabu chembamba, nikajua hiki cha siku mbili, kitanisaidia kufidia hesabu. Ndugu zangu, kitabu kile kilinipiga chini. Nilikisoma mpaka mwisho, macho yakapita juu ya kila neno, na sikuambulia kitu. Lakini nikatangaza kwamba nimekimaliza na nimekipenda sana. Wiki ileile, ndani ya basi la kwenda Newala, nikakaa na mwalimu mmoja mstaafu. Akakiona mkononi, akafurahi kweli, mzee wa watu, akaniuliza naonaje mwandishi alivyoacha usimulizi wa kawaida aliouzoea kwenye riwaya zake za mwanzo. Nikajibu, "Ni kizuri sana, mwalimu." Akasubiri niendelee, nikageukia dirishani kama naitazama mikorosho. Naye akageukia upande wake. Tumekwenda kimya mpaka Newala. Basi hicho nimekiweka kwenye 13, na nimekiri.

Usisome kwa hesabu. Nimesema na nitarudia: usisome kwa hesabu. Hesabu ndiyo iliyonifanya nimdanganye yule mzee, na angeweza kunieleza kitabu bure, njia nzima.

Novemba ilikuwa zamu ya Kuli ya Adam Shafi, na hapo ndipo mwaka wangu ulipopata maana. Ile riwaya inahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nikiwa naisoma foleni ya pili, kijana mmoja wa kupakia na kupakua akaona neno lililoandikwa kwenye jalada. "Karani, hiki ni cha sisi?" Nikamwambia kaa. Nikaanza kumsomea kwa sauti. Jioni walikuwa sita, wamekalia magunia, kila gunia kilo 80 ambazo wao wenyewe walikuwa wamezibeba mgongoni tangu asubuhi. Kila nikifika pahali pa mzigo walinisimamisha. Mmoja akataka kujua kama aliyeandika amewahi kubeba. Nikasema sijui. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akasema, "Huyu kama hajabeba, basi aliyemhadithia kabeba." Sijasikia uhakiki mzuri kuliko huo, na nimesoma mpaka kidato cha sita.

Hapo nikajua kusoma kwangu kote kwa kimya kulikuwa nusu ya kusoma. Kama una mtu wa kumsomea, msomee. Mtoto, bibi, fundi anayekusubiri umlipe.

Ya mwisho ilikuwa Peponi ya Abdulrazak Gurnah, huyu wetu wa Zanzibar aliyepewa Nobeli mwaka 2021. Kiingereza chake kilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili tumeipata 2022, baada ya miaka 28. Nilipanga kuimaliza ndani ya wiki moja ya Desemba. Mwanzoni tu, mtoto Yusuf anaondoka kwao na tajiri Aziz, anadhani anakwenda na ndugu. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto ndiye rehani. Anakuja kuambiwa na kijana mwenzake dukani.

Nikakifunga kitabu, sikukifungua siku kumi.

Mwaka 2004, nikiwa kidato cha tatu, baba yangu aliweka rehani mikorosho 40 kwa mfanyabiashara mmoja ili nilipiwe ada. Kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa mkulima mwenye shida. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia ghala kuu, ilikuwa bado, ilikuja 2007. Sikuambiwa. Nilirudi likizo nikapewa ndoo, nikaokota korosho chini ya mikorosho yetu, niliyopanda mingine kwa mkono wangu, nikajaza gunia, halafu akaja kijana na baiskeli akalibeba. Nikamkimbilia nikidhani mwizi. Akanicheka. "Hii si yenu, kwani mzee hajakwambia?" Baba alikuwa barazani anatusikia, akaingia ndani. Misimu miwili ilikuwa hivyo. Nilimwekea kinyongo mzee yule mpaka alipofariki. Niliona ameniaibisha mbele ya yule kijana, na sikupiga hesabu kwamba kalamu niliyoshika shuleni ilitoka kwenye magunia hayohayo.

Gurnah hamtetei baba yake Yusuf. Hamlaani pia. Anamwacha pale, na deni lake na kimya chake. Mimi miaka ishirini nilikuwa nimeshamhukumu wa kwangu. Ndiyo maana nikikusikia unasema riwaya ni kupoteza muda nakasirika. Ndiyo, nakasirika! Nenda kasome vitabu vya namna ya kutajirika, vimejaa, kisha uniambie kipi kimekurudisha barazani kwa baba yako. Someni, jamani. Msisubiri msimu uishe, msimu hauishi.

Dada wa Masasi, siri sina. Peponi nakutumia kwa basi wiki hii, nimeifunika kwa karatasi ya kaki, nirudishie kabla ya salfa. Kuli usiniombe. Foleni ilikatika tukiwa sura za mwisho, lori likaitwa, na yule kijana akakiweka kitabu ndani ya shati akasema atamalizia nyumbani. Anasoma kwa shida, neno moja moja. Jana nimempigia kumuuliza, kaniambia nisimharakishe.