Faili mbili za Excel, kila moja kwenye skrini yake

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini orodha yako ya makontena na hesabu za ushuru, zote za Excel 2010, zinakataa kutengana ili kila moja ikae kwenye skrini yake hapo ofisini kwenu Kilindini. Kompyuta yako haina kasoro. Hadi toleo hilo, Excel iliziweka faili zote ndani ya dirisha moja kubwa, na ni kuanzia toleo la 2013 ambapo kila faili hupewa dirisha lake.

Fungua faili ya kwanza kama kawaida, kisha, bila kuifunga, uanzishe Excel nyingine kutoka menyu ya Start, na ukiwa ndani ya dirisha hilo jipya uifungue faili ya pili kwa kupitia File na Open, kwa sababu ukiibofya mara mbili kwenye folda huenda ikarudi katika dirisha la kwanza. Kisha shikilia vitufe vya Windows na Shift, ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia, na dirisha litahamia skrini ya pili.

Nakusihi uwe mwangalifu na jambo moja: madirisha yaliyofunguliwa hivyo hujitegemea kabisa, kwa hiyo ukinakili seli zenye fomula kutoka moja hadi jingine, zitakazofika ni tarakimu tu, na hesabu ya ushuru haitabadilika tena hata ukirekebisha thamani ya mzigo. Kwa kazi ya namna hiyo, ningeshauri ofisi igharimie toleo jipya.